Ghala Lenye Pazia la Khanga

Zuhura alinipigia simu saa moja asubuhi, nikiwa bado napuliza chai, akaniambia Mama ametutoka, na kabla sijapata la kusema akaongeza, "Uje na ndoo yako, Agnesi." Nikacheka. Jamani, nimepewa habari ya msiba nikacheka, mbele ya mjukuu wangu aliyekuwa anafunga viatu vya shule, mpaka akaniuliza nani kasema nini. Usipokuwa mtu wa Newala utadhani Zuhura alinikosea adabu. Hakunikosea. Zamani, kule juu kulipokuwa hakuna bomba hata la kuonjesha, mtu aliyefiwa hakuchota maji. Kila nyumba ya jirani ilileta ndoo yake moja, ikamiminwa kwenye pipa moja uani kwa mfiwa, na asiyeleta alihesabiwa kuwa amemkana marehemu. Siku hizi bomba zipo, zinatoka zinapojisikia, lakini ndoo bado zinaletwa, angalau kutimiza desturi. Nami na Zuhura tuna habari yetu ya ndoo. Nikaitoa ya bluu bafuni, nikaisugua kwa majivu kama nilivyofundishwa na huyo huyo marehemu, nikaondoka Masasi na gari la saa tatu.

Nilikaa kwa Mama Zuhura mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kidato cha tano. Nilivyofika kwake ni habari ndefu ya shangazi wa nani aliolewa na nani, nisiwachoshe nayo. Bweni la shule lilijaa, na yeye alikuwa na nafasi. Nafasi yenyewe ilikuwa nusu ya kitanda cha kamba, nusu nyingine ikiwa ya binti yake Zuhura, ambaye nilimzidi miezi michache naye akanizidi maneno. Chumba kilikuwa na dirisha dogo la ubao lililotazama bondeni. Nilifika Julai, na wanaodhani kusini kote ni joto hawajalala Newala Julai. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka Shimo la Mungu, ndilo jina la bonde lile, ukaingia dirishani bila hodi, ukakaa juu ya shuka mpaka saa tatu, na ukitoka kwenda chooni ulisikia watu wakisalimiana njiani, shikamoo, marahaba, bila kumwona hata mmoja. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na mbaazi, kesho yake ugali wa muhogo na kisamvu, na Jumapili, kwa heshima yangu mimi Mkristo, ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chai. Mama Zuhura hakuwa mtu wa maneno mengi. Ufunguo wa kisima aliufunga kwenye pindo la khanga yake, maana kisima chenyewe, shimo la saruji pale uani linalopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati, kilikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli kama duka. Kila asubuhi alitupimia kata moja ya uso na kata mbili za kuoga, na maji yaliyooshewa vyombo ulipewa mpapai. Wiki ya pili nikamwaga kata nzima kwa uzembe wangu wa mtu wa Masasi. Aliniangalia tu, na mpaka leo siwezi kuona maji yakimwagika bure nikanyamaza.

Shuleni walimu walikuwa pungufu, kwa hiyo mtu mmoja alitufundisha historia na fasihi ya Kiingereza kwa pamoja, na nadhani ndiyo maana vitu hivyo viwili vilichanganyika kichwani mwake na baadaye vichwani mwetu. Alikuwa mfupi, mchangamfu, anafundisha akitembea. Muhula ule alitupa insha ya kuandika polepole mpaka Krismasi: maisha ya miji ya Ulaya katika karne ya kumi na tisa, maradhi yake, na kwa nini watu wale wale waliokuwa wakizikana kila wiki walipenda kununua hadithi za kutisha. Tuliandika maelezo yake mpaka vidole vikafa ganzi. Viwanda vilivyowavuta watu kutoka mashambani. Chumba kimoja cha watu kumi. Mto mmoja unaopokea uchafu wa mji mzima na kunywewa na mji huo huo. Moshi na ukungu mpaka taa zinawashwa mchana. Kipindupindu kilipoingia, wasomi wakasema kinaletwa na harufu mbaya. Kisha daktari mmoja akapita nyumba kwa nyumba akiuliza swali la kijinga, nyie maji mnateka wapi, akakuta waliokufa mtaani pale walikunywa kwenye bomba moja, tena bomba lililosifiwa kwa maji matamu. Ukurasa ule wa bomba niliuandika kwa mwandiko mzuri, nikaupigia mstari mwekundu. Baada ya hapo daftari likakaa chini ya mto wangu wa kulalia, kwa sababu mwalimu alinipa na kitu kitamu zaidi.

Kilikuwa kitabu kisicho na jalada, kilichotolewa kwenye kabati la shule, kimeliwa na mchwa upande mmoja. Jina la mtunzi halikuwepo, na kurasa za mwisho pia hazikuwepo. Mwalimu alisema huenda wanafunzi wa zamani walizisokotea tumbaku. Ndani yake mlikuwa na mji wa ukungu, na bwana mmoja mrefu, mwenye koti refu na glavu za kijivu, aliyekuja kupanga nyumba ya pembeni. Hakugonga mlango kwa mkono. Aligonga kwa fimbo yake, mara tatu, na kila nyumba aliyogonga, kesho yake mtu alilala kitandani na hakuamka. Madaktari waliingia na kutoka. Kitabu kilikatika pale bwana yule aliposimama mlangoni kwa mwanamke mjane, mtoto wa pekee akiwa ndani anachemka homa, naye ameinua fimbo. Basi. Hapo ndipo penye alama za mchwa na ukurasa wa mwisho. Nilikisoma mara tatu, na kila nilipofika pale kwenye fimbo nilijifunika shuka.

Msimu wa korosho ulipoingia, kazi ya mchana ilikuwa kubangua. Tulikaa uani wanne: Mama Zuhura, Zuhura, mimi, na jirani yetu Mama Fadhili, mzaliwa wa Mnyambe, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichosikika mpaka msikitini. Korosho zilikaangwa kwenye debe lililotobolewa, zikashika moto, zikazimwa kwa mchanga, kisha kila mtu na jiwe lake na kijiti chake, gonga, pasua, toa. Mafuta ya ganda yanababua, tulipaka majivu vidoleni na bado tulichunika. Nilikwenda darasani na vidole vyeusi kama fundi baiskeli. Kazi ya namna hiyo inataka maneno. Mama Fadhili ndiye aliyesema, haya msomi, unatubania nini, tuambie yaliyomo humo kwenye likitabu lako. Nikawaambia. Siku nne nzima nilitoa ile hadithi, na sikuitafsiri, niliipika. Nikaongeza chumvi, nikaigiza mlio wa fimbo kwa jiwe langu, ko, ko, ko, na mkono wa Zuhura ulisimama hewani na korosho yake. Mama Fadhili alisema huyo bwana ni mumiani, wala hakuna cha kujadili, kwani Wazungu nao wanao? Nikajiona mtu mkubwa. Nilikuwa sijawahi kunyamazisha watu wazima maishani mwangu, na utamu wake sikuwa nimeambiwa.

Siku ya nne nikafika kwenye fimbo iliyoinuliwa, nikakwama. Mama Fadhili akauliza halafu. Ningeweza kusema kitabu kimekatika, lakini niliona aibu, baada ya mbwembwe zote zile. Nikainua macho kutafuta la kusema, na mbele yangu palikuwa na ghala la Mama Zuhura, kijumba cha udongo chenye magunia ndani, mlangoni hakuna ubao, imetundikwa khanga kuukuu. Nikasema yule mjane alimficha mtoto ghalani, nyuma ya magunia, akashusha pazia la khanga, akaenda kufungua mlango kwa utulivu, akamwambia yule bwana, hapa hakuna mgonjwa, wote wazima. Yule bwana akanusa hewa, akageuka, akaondoka mtaani asirudi tena. Na asubuhi mtoto akaamka anataka uji. Mama Fadhili akapiga kofi mapajani, akasema mwanamke ndiye huyo sasa. Mama Zuhura alinitazama kidogo, akatazama ghala lake, akaendelea kugonga korosho.

Nimefundisha darasani maisha yangu yote, na kila mwaka, nilipofika kwenye hadithi za miji ile, wanafunzi waliniuliza nilichojiuliza nafsini mwangu mwaka ule: watu wanaoishi katikati ya kifo wanatafuta nini kwenye vitabu vya kifo? Nilikuwa na majibu ya mtihani. Jibu langu mwenyewe ni kwamba ndani ya zile hadithi maradhi yana uso. Yana koti, yana glavu, yana njia yanayojia, na ukifunga mlango vizuri yanabaki nje. Mtu anaweza kulala na hofu ya namna hiyo. Hakuna aliyetunga riwaya ya kutisha kuhusu ndoo, maana ndoo umeibeba mwenyewe kichwani, umeileta kwa upendo, na uliyemletea amekushukuru. Nani atanunua kitabu hicho?

Mvua ya kwanza ilinyesha Novemba, kubwa, siku moja, ikakata. Haikutosha kujaza visima vilivyokuwa vimekauka, lakini ilitosha kukokota kila kilichokuwa kimelala porini na vyooni mpaka kwenye chemchemi za bondeni tulikoteka. Wiki ile ile akafa mzee mmoja wa mtaani, kwa uzee wake tu, na ndoo zikaenda. Wanawake tulishuka bondeni alfajiri, tukapanda na ndoo vichwani, tukamimina kwenye pipa la wafiwa. Mojawapo ya ndoo hizo niliibeba mimi. Watu wakanywa, wakanawa kwenye beseni moja, wakala wali wa msiba, na sifa za maji yale zikatolewa, kwamba ni baridi na matamu. Siku ya tatu mtaa ukaanza kuugua. Sikuunganisha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: daftari lenye mstari mwekundu lilikuwa chini ya mto wangu, nililala juu yake, na sikuunganisha. Maradhi yale niliyoyaandika yalikuwa ya Ulaya, ya karne nyingine, ya mtihani.

Kisha akaja Bwana Afya. Alikuwa mtu wa Chidya, mrefu, mpole, anaitwa Baba Lukasi, na ametumwa kukagua nyumba na kupeleka wagonjwa kwenye shule ya msingi iliyogeuzwa kambi. Alivaa koti refu la mvua bila mvua, mabuti, na glavu za mpira. Alikuwa na ufito wenye alama wa kupimia kina cha visima, na kwa kuwa glavu zake zilikuwa na dawa, hakugusa mlango wa mtu. Aligonga kwa ufito. Nilimwona Mama Fadhili akinitazama, akanong'ona, "Bwana wako wa glavu huyo," akacheka. Alianza kwa utani, naapa. Kesho yake watoto waliimba. Siku iliyofuata haikuwa utani tena: ikasemwa kwamba kila anapogonga mtu anaanguka, ikasemwa kambini kuna mipira inayoingia mkononi kunyonya damu, na kwa kweli mipira ilikuwepo, watu waliiona kupitia dirisha la darasa, dripu zimetundikwa kwenye misumari ya ubaoni. Milango ikaanza kufungwa. Nami nilijua kabisa maneno yale yametoka wapi, nikanyamaza, nikitumaini yataisha yenyewe.

Zuhura alianza kuhara usiku, na kulipokucha hakuwa upande wake wa kitanda. Nilimkuta Mama Zuhura anafagia uani, anafagia pale pale alipokwisha fagia. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza Zuhura yuko wapi, akasema amekwenda kwa mama yake mdogo. Khanga ya ghalani ilikuwa imeshushwa mpaka chini, na pindo lake limekandamizwa kwa jiwe. Nilisimama pale nikaelewa. Wala sikupewa muda wa kufikiri. Ko, ko, ko. Baba Lukasi alikuwa mlangoni na ufito wake, anasalimia, anauliza hali za nyumbani. Mama Zuhura akamjibu, kwa utulivu, maneno yangu mwenyewe: hapa hakuna mgonjwa, Baba, wote wazima. Baba Lukasi akanigeukia mimi. "Na wewe mwanafunzi? Wote wazima?" Nikamtazama machoni nikasema wote wazima. Akashukuru, akaenda zake.

Mama Zuhura alipoingia jikoni, nilisogeza jiwe nikaingia ghalani. Zuhura alikuwa nyuma ya magunia, kwenye mkeka uliolowa. Yule mtu wa maneno hakuwa na sauti; midomo ilitikisika tu. Macho yalikuwa yamezama. Nikamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja ngozi kama vya mtu aliyeshinda anafua. Nimeyaandika haya, nikajiambia. Macho kuzama, ngozi ya vidole kukunjamana, sauti kupotea, niliyaandika kwa mwandiko mzuri, ukurasa ule ule wa bomba. Na hapo ndipo pipa, na ndoo, na beseni, na sifa za maji matamu vilinijia vyote kwa mpigo, nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Nikatoka. Nilijua nikimwita Baba Lukasi sitalala tena nyumba hii, maana umemla mtu chumvi yake halafu umemtoa mtoto wake kwa mumiani, wapi utaweka uso? Nilijua pia kwamba nisipomwita Zuhura hatafika jioni. Nilisimama pale uani kitambo, nisijitie ushujaa. Kitambo kirefu. Kisha nikakimbia.

Nilimkuta nyumba ya nne, mlangoni kwa Mama Fadhili, ambapo hakuna aliyeitika hodi. Nikamwambia, "Baba, nimekudanganya." Hakunigombeza. Aliokota mkoba wake akasema twende, na njiani aliniuliza jambo moja tu, mgonjwa amekojoa lini. Tulipofika, Mama Zuhura alikuwa amesimama mbele ya khanga, mikono ameitanua huku na huku, mwanamke yule mdogo, kaziba mlango mzima. Hakupiga kelele. Alisema, "Agnesi. Umemleta."

Nikasema yaliyonijia. Nikasema Mama, kile kitabu hakina mwisho, kurasa zimechanwa, mwisho niliutunga mimi hapa hapa nikitazama ghala lako. Akabaki amesimama. Nikasema Mama, nina daftari. Kuna mji watu walikufa hivi hivi, mtaa mzima, wakatafuta nani amewaletea, na hakuna aliyewaletea, yalikuwa maji yao wenyewe, ya bomba walilolipenda. Ni maji ya lile pipa, Mama. Zuhura amekauka. Ile mipira hainyonyi, inatia maji. Akitiwa maji anaishi. Nililia wakati naongea, na Kiswahili changu kikachanganyika na Kiyao. Mama Zuhura alinitazama. Akashusha mikono, akasogea pembeni, akaiinua khanga yeye mwenyewe. Tulimbeba Zuhura kwa kitanda chetu cha kamba. Siku ya pili kambini alipata sauti, na neno lake la kwanza lilikuwa kulalamika kwamba uji hauna sukari.

Mama Fadhili hawakumwahi. Walipovunja mlango wake, ulikuwa umefungwa kwa ndani, na gunia limeegemezwa. Sijui aliisikia hodi ya Baba Lukasi au alikuwa amekwisha tangulia. Sijui kama alikuwa anaikumbuka hadithi yangu au aliogopa mipira kama walivyoiogopa wengi wasiowahi kunisikia. Nimelizungusha swali hilo miaka mingi, na jibu halijabadilika: sijui. Kicheko chake nakisikia nikikaanga korosho.

Mama Zuhura hakunifukuza. Nilikaa mpaka Juni, nikapimiwa kata yangu kila asubuhi kama kawaida, ila tangu siku ile maji ya kunywa yalichemshwa, na aliyelalamika kuhusu kuni alipewa jicho. Hatukuzungumzia ghala hata mara moja. Insha niliiandika kwa siku mbili. Niliandika kwamba watu wa miji ile walipenda hadithi za kutisha kwa sababu ni rahisi kumwogopa mtu kuliko kuiogopa ndoo. Mwalimu alinipa alama za wastani, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya swali. Ndoo imetoka wapi?" Ninayo bado karatasi hiyo.

Basi juzi nimefika msibani, ndoo mkononi. Zuhura sasa ni Mama Rajabu, mnene, na ukimwona kwa nyuma utadhani Mama Fadhili. Nilijaza ndoo bombani, nikaibeba kichwani hatua zote zile kwa ubishi, na uzee huu, nikaimimina kwenye pipa. Siku hizi pipa lina mfuniko na koki, na pembeni kuna binti wa kutia dawa ya maji kabla mtu hajakinga kikombe. Maziko yalikwisha kabla ya alasiri. Tulibaki mimi na yeye tumeketi karibu na ghala. Ukuta wa udongo umekuwa wa tofali, lakini mlangoni bado ni khanga, mpya, ya rangi ya chungwa. Nikamwambia nimemkosea mama yako jambo moja, sikuwahi kumwomba radhi vizuri kwa ule mwisho wa kutunga.

"Mama alijua," alisema Zuhura.

"Nilimwambia siku ile mlangoni."

"Alijua kabla. Alijua siku ile ile ulipotuhadithia. Alisema, Ulaya gani hiyo ghala lake lina pazia la khanga?"

Tukacheka mpaka wanawake mkekani wakageuka. Nilipotulia nikamuuliza, kama alijua ni uongo, kwa nini alikuficha?

Zuhura alinyoosha mguu unaomsumbua, akalisugua goti. Alisema hilo alimuuliza mwenyewe, mwaka jana, mama alipokuwa hatoki tena kitandani. "Alisema hukumpa mwisho mwingine. Ulipompa, alitoka mlangoni."

Nilitazama ile sehemu ya ua tulipokuwa tunabangulia. Kutoka pale mpaka kitandani kwetu, mpaka kwenye daftari, ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu kwa macho. Siku nne nilikaa pale na mawe manne yakigonga, watu wananisikiliza hawapumui, na mwisho wa kweli nilikuwa nao, nimeupigia mstari. Mama Zuhura niliupeleka kwake umechelewa, ukafika. Kwa Mama Fadhili sikuupeleka kabisa.

Jioni wanawake walikuwa mkekani na vikombe vyao vya chai, wajukuu wamelala mapajani, mazungumzo yamepoa. Mmoja aliyejua nilikuwa mwalimu akaniita kwa jina la mwanangu, akasema, Mama Neema, wewe wa vitabu, tuondolee ukimya. Miaka yote hii darasani nilikuwa nimeifundisha ile habari kama somo. Sikuwahi kuihadithia. Nikavuta khanga begani, nikachukua kijiwe kilichokuwa miguuni pangu, kisha nikakirudisha chini. Nikasema palikuwa na mji wenye ukungu kama wetu, na mtaa, na mtaani pale bomba moja la maji matamu ambalo watu walilipenda sana. Nilifika pale watu wanapoanza kuanguka, nyumba moja baada ya nyingine, na mwanamke mmoja kijana, mtoto mgongoni, akaniuliza kwa sauti ndogo aliyewaletea ni nani, ni mumiani?

"Hakuna mumiani," nilisema. "Kuna ndoo."